Corolla inasumbua kuwaka ikiwa ya baridi, taa inahesabu 22 na 51

SWALI: Fundi, nina Toyota Corolla ya 1994, injini 4A-FE. Asubuhi napiga stata mpaka naihurumia betri, na ikiwaka inatetemeka na kuzima nisipokanyaga mafuta. Ikishapata moto haina tatizo. Taa ya injini inawaka. Fundi aliunganisha waya kwenye kiboksi cha chini ya boneti, taa ikahesabu 22 na 51. Anasema sensa ya joto ni nzima kwa kuwa geji ya dashibodi inasoma vizuri, hivyo ninunue kompyuta nyingine ya injini. Nifanyeje?

JIBU: Kompyuta usiinunue kwanza. Hapo una kodi (namba ya kosa ambayo taa inaihesabu kwa kumweka) moja tu ya kushughulikia, nayo ni 22.

Ile 51 hutokea wakati wa kusoma kodi endapo AC imewashwa, mguu uko kwenye pedeli ya mafuta, au gari ya otomatiki iko kwenye D. Rudia kusoma: AC zima, gia nyutro, mguu pembeni, unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Angalia vizuri matundu, maana B+ (umeme wa betri) ikigusana na E1 (ethi) umepiga shoti. 51 ikibaki hata hivyo, kagua sensa ya throtoli (inayopima pedeli ya mafuta imefungua hewa kiasi gani), lakini hiyo siyo inayokusumbua asubuhi.

22 ni saketi ya sensa ya joto la maji, na hapa ndipo fundi wako alipopotea. Gari hii ina sensa mbili za joto. Ya geji ina waya mmoja. Ya kompyuta ina waya mbili, na inaweza kufa kabisa huku mshale wa geji ukikaa sawasawa. Kompyuta ikikosa taarifa yake hukadiria kwamba maji yana nyuzi 80. Kwa hiyo asubuhi injini ya baridi inapewa petroli ya injini yenye moto, haitoshi, ndiyo maana inakataa kuwaka. Ikishapata moto kweli, makadirio na hali halisi vinalingana, inatulia. Dalili zako zote zinaelekea huko.

Kabla ya kununua chochote, chomoa soketi ya hiyo sensa uiangalie kwa karibu. Ukikuta ukungu wa kijani kwenye pini, au waya umekakamaa na kukatikia ndani ya ganda nyuma tu ya soketi, huenda kazi yako imeishia hapo. Kama ni safi, pima sensa kwa mita ya omu: kwenye nyuzi 20 isome kati ya 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 ishuke hadi 200 mpaka 400. Isiposoma kitu kabisa, imekatika ndani, badilisha.

Sensa ikiwa nzima, fungua swichi upime soketi upande wa waya. Pini moja inatakiwa kuwa na volti 5 hivi, nyingine ni ethi. Ethi hiyo inatumiwa na sensa nyingine pia, kwa hiyo ingekatikia karibu na kompyuta ungeona na kodi nyingine kama 24 (sensa ya joto la hewa). Kwa kuwa umepata 22 bila 24, tafuta karibu na sensa yenyewe. Kompyuta inafikiriwa baada ya waya zote kuthibitika ni nzima.

Sensa ibadilishwe injini ikiwa imepoa, maana maji yatamwagika kidogo, yajazie. Kisha zima swichi, chomoa fyuzi ya EFI ya ampea 15 kwa sekunde 10 au zaidi, rudisha, na usome tena kodi kesho yake asubuhi.

Na nyote wenye gari hizi: sensa hii inaweza pia kudanganya kwamba maji ni ya baridi bila kuvuka kiwango ambacho kompyuta inakihesabu kuwa kosa. Hapo taa haiwaki, ila gari inakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi hata ikiwa ya moto. Ukiona hivyo, ipime hata kama hakuna kodi.