Maswali na Majibu ya Bustani: Miwaridi Inayopukutisha Majani na Maua Yanayobadilika

SWALI: Ndugu mshauri, miwaridi yangu hupata madoa meusi kwenye majani, kisha majani hugeuka manjano na kupukutika kuanzia chini, hata mti ukabaki fito tupu zenye maua machache juu. Nimekwisha kunyunyizia dawa ya ukungu mara kadhaa lakini ugonjwa hurudi. Maji haikosi, kwani kila jioni nikitoka kazini huimwagilia kwa mpira mpaka mmea mzima uloe. Nitumie dawa gani iliyo kali zaidi?

JIBU: Kabla ya kutafuta dawa kali zaidi, naomba uchume jani moja lililougua na ulitazame kwa karibu. Ikiwa doa ni jeusi na la mviringo, na kingo zake hazikunyooka bali zimetawanyika kama nyuzinyuzi, huku sehemu inayolizunguka ikiwa ya manjano, basi huo ni ugonjwa wa madoa meusi, unaoletwa na ukungu uitwao Diplocarpon rosae. Spora za ukungu huu, yaani chembe ndogo sana zinazouzalisha, huruka kutoka jani hadi jani kwa matone ya maji yanayodunda, na ili zipenye zinahitaji jani lililolowa kwa muda wa saa 7 hivi mfululizo. Mmea unaomwagiwa jioni hulala na maji usiku kucha, kwa hiyo spora hupata muda wote zinaouhitaji na kuzidi. Chanzo cha tatizo lako, kwa maoni yangu, ni saa na namna ya kumwagilia, wala si udhaifu wa dawa.

Mwagilia asubuhi, na uelekeze maji kwenye shina polepole ili yazame mpaka kwenye mizizi. Kuloweka udongo vizuri mara moja au mbili kwa wiki, kutegemea joto na aina ya udongo, kunausaidia mwaridi kuliko maji kidogo ya kila siku yanayoishia juu juu. Okota majani yote yaliyoanguka, uchume na yale yenye madoa ambayo bado yako mtini, kisha uyachome au uyatupe mbali; usiyatie kwenye lundo la mboji, kwa sababu ukungu huendelea kuishi humo. Baada ya hapo tandaza matandazo ya nyasi kavu au mboji iliyoiva, unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kuyagusisha na shina, ili matone ya mvua yasirushe tope na spora kwenye majani ya chini. Mwisho pogoa matawi yanayokua kuelekea ndani na yale yanayosuguana, ili katikati ya mti pawe wazi, upepo upite na majani yakauke mapema.

Dawa nayo ina nafasi yake, lakini ni vyema ujue inachokifanya. Dawa nyingi za ukungu hulilinda jani ambalo bado ni zima. Haziwezi kulirudishia afya jani lililokwisha kupata doa. Kwa hiyo hunyunyiziwa majani machanga yanapotoka, juu na chini ya jani, kwa kipimo na vipindi vilivyoandikwa kwenye kifungashio. Ukitumia salfa, epuka siku zenye joto linalozidi nyuzi 30, maana huunguza majani.

SWALI: Mwaridi wangu ulikuwa ukitoa maua makubwa ya njano. Sasa umetoa matawi marefu yanayokua kwa kasi, yenye vishada vya maua madogo meupe, na yale ya njano yanazidi kupungua. Je, waridi huweza kubadilika rangi lenyewe?

JIBU: Waridi lako halikubadilika; ulichonacho ni mimea miwili kwenye mzizi mmoja. Miwaridi mingi inayouzwa kwenye vitalu imebebeshwa, yaani jicho (chipukizi changa) la aina yenye maua yanayotakiwa limepachikwa kwenye shina la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Mojawapo ya miwaridi inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Rosa multiflora, ambayo asili yake ni Asia ya Mashariki na ambayo hutoa vishada vya maua madogo meupe kama hayo uliyoyaeleza. Shina hilo la chini limechipua, na kwa kuwa lina nguvu zaidi, linaunyang'anya mmea wa juu chakula.

Fukua udongo taratibu kuzunguka shina mpaka uone uvimbe mnene. Hapo ndipo mimea miwili ilipoungana. Tawi lolote linaloanzia chini ya uvimbe huo ni la shina la chini. Usilikate kwa mkasi usawa wa udongo, kwani macho yaliyolala kwenye kisiki yatatoa machipukizi mengi kuliko mwanzo. Vaa glavu nene, ulishike pale pale linapoanzia, ulivute kwa nguvu kuelekea chini mpaka ling'oke pamoja na kitako chake, kisha urudishie udongo. Wako wanaosema kwamba tawi la namna hiyo hutambulika kwa kuwa na vijijani 7 badala ya 5, yaani vipande vidogo vinavyounda jani moja. Mimi sishauri kutegemea hesabu hiyo, kwa sababu zipo aina nzuri za waridi zenye vijijani 7, na utajikuta umeng'oa ulichokitaka.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwaridi wangu ni mrefu, una majani mengi ya kijani kibichi sana, lakini hautoi maua. Naupa samadi mara kwa mara na urea kidogo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Urea ni mbolea yenye nitrojeni nyingi, na nitrojeni ikizidi hukuza majani kuliko maua. Iache kabisa kwa sasa, upunguze na samadi, na utakaporudia mbolea chagua yenye potasi ya kutosha. Pima pia mwanga: mwaridi unataka jua la moja kwa moja lisilopungua saa 6 kwa siku, na ule unaorefuka sana mara nyingi huwa unatafuta jua. Kama jua lipo, jiulize unapogoa lini. Baadhi ya miwaridi ya zamani na ile inayotambaa huchanua mara moja tu kwa mwaka, kwenye matawi ya msimu uliopita. Anayeipogoa kabla ya kuchanua huondoa maua yenyewe. Aina hizo hupogolewa mara tu baada ya maua kunyauka.

SWALI: Wadudu wadogo wa kijani wamejaa kwenye vichomozo na matumba. Nifanyeje?

JIBU: Hao ni vidukari. Wapige kwa maji yenye nguvu asubuhi, siku chache mfululizo. Wengi wakianguka hawarudi. Wakibaki, nyunyizia maji yenye sabuni kidogo jua likiwa bado si kali. Tazama pia kama sisimizi wanapanda shinani, kwa kuwa hula utomvu mtamu unaotolewa na vidukari na huwalinda dhidi ya wadudu wanaowala. Wazuie sisimizi kwanza, na wadudu hao wenye manufaa watakusaidia kazi.

SWALI: Naweza kupanda waridi kwa kukata tawi la jirani?

JIBU: Unaweza, akikuruhusu. Chukua tawi lililotoka kuchanua, lenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20, ukate chini kidogo ya fundo. Bakiza majani mawili ya juu, uchomeke nusu yake kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, macho yakitazama juu. Weka kivulini, funika kwa mfuko mwangavu ili unyevu usipotee, na usilivute kila mara kuangalia mizizi. Mizizi hutokea baada ya wiki 4 hadi 8, na ushahidi wake ni majani mapya yanayoendelea kukua.