Kalsiamu iko sawa, mbona mfupa umevunjika?

SWALI: Daktari, nina miaka 64, nipo Makete. Juni niliteleza kwenye umande nikienda kuchimba viazi, nikajizuia kwa mkono, ukavunjika. Kipimo kilichofanyika Dar kinasema mifupa imekuwa myepesi. Lakini kwenye damu kalsiamu ni ya kawaida, vitamini D ndiyo 14. Sasa mifupa imekosa nini?

JIBU: Shikamoo mama, pole na hilo hogo. Kalsiamu ya damu mwili hauichezei, maana moyo na misuli vinaitegemea. Ikianza kushuka tu, tezi nne ndogo za shingoni hutoa homoni ya kuichota mifupani. Damu inabaki nzuri, ghala linaliwa. Wengi wenye tatizo lako hupata majibu hayohayo.

Mimi nimesimama kwenye hiyo 14. Kama ni nanogramu kwa mililita, chini ya 20 ni upungufu, na bila vitamini D utumbo hunyonya kalsiamu kidogo. Baridi ya Makete naijua: sweta, kitenge juu, soksi mpaka saa sita. Ngozi italiona jua saa ngapi, itengeneze vitamini D?

Dagaa wa Kyela kula wazima, na mifupa yao. Ila kwa 14 huenda ukahitaji vidonge vya vitamini D. Kiasi atapanga daktari wako, akishapima na figo. Hilo lifanyike kabla hujaanza dawa ya mifupa.