Lipstiki, ngano na piko: majibu kwa wenye mzio

*Dada, nimegundulika nina seliaki, ule ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano na nafaka ndugu zake kama shayiri, inaharibu utumbo. Mkate nimeshaacha. Na vipodozi vyangu nitupe? — Msomaji, Tanga*

Usitupe, mwenzangu. Anza na mdomo. Gluteni ni kubwa mno kupenya ngozi isiyo na kidonda, na seliaki huamshwa na kinachofika tumboni. Hata wale wanaotokwa malengelenge ya kuwasha viwikoni na magotini, chanzo ni walichokula, si walichopaka. Basi wanja na poda vibaki. Rangi ya kucha pia, labda uwe mtu wa kutafuna kucha.

Kagua lipstiki, mafuta ya mdomo na dawa ya meno. Lipstiki tunaila: unapaka asubuhi, ikifika chai ya saa nne haipo, na kikombe hakikuichukua yote. Losheni ya mikono nayo itazame kama unakula ugali kwa mkono. Mimi hupaka usiku, na nikinawa kabla ya kula nanawa kwa sabuni, si maji ya kupitisha tu.

*Nasoma maandishi ya nyuma ya chupa hadi macho yanauma, neno gluteni silioni.*

Mara nyingi hutaliona. Mimea huandikwa kwa Kilatini: Triticum vulgare ni ngano, Hordeum vulgare ni shayiri, Secale cereale ni rai, nafaka nyingine ya jamii hiyo. Avena sativa ni oti, ambayo mara nyingi huchanganyikana na ngano shambani au kinuni. Ukikuta “Hydrolyzed Wheat Protein”, hiyo ni protini ya ngano iliyovunjwavunjwa. Imejaa kwenye shampuu na maskara. Na ile lipstiki ya kikopo kisicho na karatasi yoyote, iache hapo hapo dukani.

*Kuna lipstiki imeandikwa “gluten free”, bei mara tatu. Ninunue?*

Si lazima. Kwenye chakula, Marekani na Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kwa vipodozi, Marekani haina kikomo kama hicho. Lipstiki ya kawaida ambayo orodha yake haina majina niliyotaja hapo juu inakutosha.

*Mimi sijapimwa seliaki, ila fandesheni inanivimbisha kope. Nimeacha chapati miezi mitatu, wapi!*

Pole. Umezisingizia chapati, nadhani. Wanaovimbisha kope mara nyingi ni manukato na vihifadhi. Daktari wa ngozi anaweza kukubandika vipande vyenye kemikali mbalimbali mgongoni, avitoe baada ya siku mbili hivi na kusoma ngozi ilivyojibu. Tena kukata ngano kabla ya kupimwa seliaki kunaweza kufanya kipimo kikudanganye, kwa hiyo mweleze daktari umeacha tangu lini.

Ila ngano nayo si malaika. Japani kulikuwa na sabuni ya uso yenye protini ya ngano iliyovunjwavunjwa, ikaondolewa sokoni 2011. Watu zaidi ya 2,000 walipata mzio wa ngano kwa kunawia sabuni hiyo, wengi wao wakiwa wamekula ngano maisha yao yote bila shida. Wengine walivimba uso au kuishiwa pumzi baada ya kula mkate kisha kufanya mazoezi. Mwaka 2017 Ulaya ikaweka sheria kwamba protini hiyo ikitiwa kwenye vipodozi iwe imevunjwa vipande vidogo sana. Huo ni mzio wa ngano, si seliaki, na huo hupitia hata kwenye ngozi. Kope zikivimba muda mfupi baada ya kupaka au kula, au pumzi ikibana, nenda hospitali papo hapo.

*Naolewa mwezi ujao. Hina na piko vina gluteni?*

Hina safi ni majani ya mhina, haina. Piko ndiyo naiogopa, na si kwa ajili ya gluteni: nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na ikikukataa, malengelenge hutoka kwa umbo la ua lile lile ulilochorwa. Mwambie mchoraji akupake hina tupu.