Diski za breki za lori: kukereza (kuchonga uso kwa mashine) au kununua mpya?

Mkuu, usukani kutikisika ukikanyaga breki hakutoshi kuamua. Pima kwanza. Diski nyingi zimeandikwa MIN TH ubavuni au kwenye kitovu. Hicho ndicho kikomo cha chini cha unene. Pima kwa maikromita (kifaa cha kupima unene kwa usahihi) sehemu nane kuzunguka. Venia ya kawaida (kipimo cha taya) hushika ule ukingo wa nje usioguswa na pedi za breki, ikakudanganya kwamba diski bado nene.

Halafu piga hesabu. Kikomo kikiwa milimita 26 na yako ina 26.6, fundi akitoa 0.3 kila upande umefika 26.0 kamili, na pedi bado hazijaanza kula. Hiyo nunua mpya. Ikiwa na 28, kereza.

Ufa uliofika ukingoni: tupa, bila mjadala. Madoa ya bluu ni chuma kilichoungua kikawa kigumu. Ukikereza, mtetemo hurudi baada ya muda mfupi.

Fanya kulia na kushoto pamoja, na pedi ziwe mpya. Kabla ya kufunga, sugua kutu kwenye habu (sehemu ya gurudumu inapokaa diski) kwa brashi ya waya. Kipande kidogo tu cha kutu huipindisha diski mpya ikizunguka, nawe utamlaumu muuza spea bure.