Familia ya Kijapani: waambie mapema unachokula

Mdogo wangu, umeuliza utapataje familia ya kukaa nayo Kyoto kwa miezi mitatu ya kozi ya lugha, nawe ni Mwislamu. Anza na chuo chenyewe. Vingi vina mtu wa kushughulikia makazi, na ni salama kuliko kuokota mwenyeji mtandaoni. Fomu ya chakula ijaze kwa makini. Usiishie kwenye "sili nguruwe". Taja na pombe, maana mirin na sake (pombe za mchele za Kijapani) hutiwa hata kwenye samaki wa kuchemsha, na mpishi anaziona kama viungo tu. Uliza na nauli, nyumba nyingi ziko pembeni ya mji.

Viatu vinabaki mlangoni, na kwenye tatami, ile mikeka ya sakafuni, hata ndala za ndani huvuliwa. Kuoga ndiko kunakotuaibisha wengi: jisugue na ujisuuze kwanza nje ya hodhi, kisha uingie kujiloweka. Maji hayo ni ya nyumba nzima, usiyaachie yatoke. (Mimi niliyaachia usiku wa kwanza. Baba alicheka, mama hakucheka.)

Zawadi, beba kahawa. Jina la Kilimanjaro wanalijua sana kule.