Maswali na Majibu: Vichekesho na dansi kwenye runinga

Safari hii maswali yenu yamehusu vipindi vya runinga vinavyochanganya vichekesho na dansi: vilianzia wapi, na anayetaka kuandaa chake ajifunze kwa nani.

*Shikamoo. Sisi ni kikundi cha vijana wa Tanga, tunataka kuandaa kipindi cha aina hiyo. Tuanze kutazama nini?*

Marahaba. Anzeni na Laugh-In ya Marekani, iliyorushwa na kituo cha NBC kuanzia 1968 hadi 1973. Tazameni hasa ile sehemu ya sherehe. Watu wamejaa ukumbini wanacheza, ghafla muziki unakatika, mmoja anatupa utani wa sentensi moja au mbili, na muziki unarudi hujamaliza kucheka. Humo hakuna hadithi ya kufuatilia, dansi yenyewe ndiyo inayobeba kipindi. Hata utani usiponoga, hakuna anayebaki ameduwaa, kwani watu wameshaendelea kucheza.

*Mbona The Muppet Show nayo ina kitu kama hicho?*

Ndiyo, na undugu wake unaonekana wazi. Kipindi hicho kilirekodiwa Elstree, Uingereza, kati ya 1976 na 1981. Katika sehemu ya ukumbi wa dansi, vikaragosi wanacheza wawili wawili, kila jozi inatoa utani wake na kuwapisha wengine. Ila msiishie hapo. Mtafuteni Rudolf Nureyev, bingwa wa baleti, akicheza na nguruwe mkubwa kwenye kipindi hichohicho. Anacheza kwa heshima zote za baleti, na kinachochekesha ni huyo mwenzake.

*Mchekeshaji wetu hajui kucheza kabisa. Si tumwache tu ajikwae jukwaani, watu wacheke?*

Hapana, tafadhali. Watacheka mara ya kwanza, mara ya tatu watabadilisha chaneli. Mwaka 1976 wachekeshaji wawili wa BBC ya Uingereza, Eric Morecambe na Ernie Wise, walitengeneza kifungua kinywa kwa mapigo ya muziki. Ni wanaume wawili jikoni asubuhi, na wimbo unaopigwa ni ule wa wacheza dansi wa kuvua nguo. Balungi linakatwa kwenye pigo, mkate unaruka kutoka kwenye kibaniko kwenye pigo, mlango wa friji unafunguliwa kwenye pigo, soseji zinatolewa zikiwa mkufu mrefu. Hakuna hatua ngumu hata moja, lakini hakuna mkono unaochelewa. Kazi ile ilisimamiwa na Ernest Maxin, mtayarishaji aliyejua dansi kwa undani. Mchekeshaji wenu hahitaji kujua kunengua, anahitaji kufanya mazoezi mpaka sufuria na mapigo viwe kitu kimoja.

Krismasi ya mwaka huohuo wakamwalika Angela Rippon, msomaji wa taarifa ya habari. Watazamaji walikuwa wamezoea kumwona kuanzia kifuani kwenda juu, nyuma ya meza. Akainuka, akatoka, akacheza, tena akacheza vizuri! Mshangao ule ungekufa kama angebabaisha.

*Wacheza shoo wawekwe wapi katika kipindi?*

Igeni In Living Color, kipindi cha maigizo ya vichekesho cha Mmarekani Keenen Ivory Wayans, kilichokuwa kwenye kituo cha Fox kuanzia 1990 hadi 1994. Wacheza shoo wa kipindi hicho, Fly Girls, walifundishwa na Rosie Perez, na Jennifer Lopez alikuwa mmoja wao. Walitokea kati ya igizo na igizo na kuelekea matangazo, na hip hop yao ilikuwa ya dhati. Mtazamaji aliyechoka kucheka alipata pa kupumzikia bila kupoa.

*Je, sisi hatuna chetu cha kurejea?*

Tunacho, tena kilitangulia runinga ya Tanzania Bara, iliyoanza mwaka 1994. Vikundi vya Muungano Cultural Troupe na TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni John Komba vilijaza kumbi za Dar es Salaam kwa onyesho moja lenye ngoma, sarakasi, maigizo, vichekesho na taarabu. Mpangilio ule ndio mnaoutafuta. Watafuteni waliokuwa wakicheza humo, muwaulize kipi kilitangulia na kipi kilifuata, na kwa nini vichekesho viliwekwa pale vilipowekwa. Nendeni na daftari.