Mkimbiaji wa akiba wa bei nafuu: mtazame akiwa hana mpira

Mdogo wangu, ukipata nafasi katika idara ya kusaka wachezaji ya timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, usitarajie kutumwa kumtafuta nyota. Nyota wana watu wao wa kuwafuatilia. Wewe utapewa orodha ya majina ambayo hujawahi kuyasikia, kisha utaambiwa: tutafutie mkimbiaji wa akiba, na pesa hatuna. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa orodha kama hiyo nikaiharibu. Naandika haya ili usianzie pale nilipoanzia mimi.

Kwa waliokulia kwenye soka kama mimi, mkimbiaji, yaani raningibeki, ndiye anayesimama karibu na kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, akakabidhiwa mpira mkononi na kuupenyeza katikati ya wanaume wenye kilo 140. Karibu kila anapoushika, anapigwa. Msimu una mechi 17, na ni nadra mtu mmoja kuzimaliza zote akiwa mzima. Kwa hiyo wa pili si pambo. Kuna Jumapili atacheza, nanyi hamtakuwa mmejiandaa.

Nilikosea hivi. Nilimpendekeza kijana mwenye mbio za ajabu. Nilikuwa nimetazama video zake usiku kucha, nazo zote zilikuwa za yeye akiwa na mpira: anakwepa, anaruka, anawaacha watu. Katika mechi ya maandalizi, jaribio la tatu (timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na la tatu mara nyingi ni la pasi), mlinzi mmoja wa wapinzani alipita katikati akimfuata kwotabeki wetu. Kijana wangu alikuwa amesimama palepale, ila macho yake yalikuwa kwingine. Kwotabeki alipigwa ubavuni akakaa chini muda mrefu. Kesho yake kocha aliniita, akairudisha video ile mara tatu, akaniuliza swali moja tu: chuoni ulimwona akimkinga kwotabeki? Sikuwa nimemwona, kwa sababu sikuwa nimetazama.

Tangu siku hiyo naanza na mashambulizi, yaani kila mara timu inapoanzisha mpira, ambayo mpira haumfikii. Katika mashambulizi sitini na kitu ya mechi moja, mkimbiaji wa akiba anaweza kuugusa mpira mara sita au saba. Kwenye mengine anayochezeshwa anakinga, au anakimbia njia ya kupokea pasi, au anajifanya amepewa mpira ili walinzi wamfuate bure. Humo ndimo utakapomjua.

Unapotazama ukingaji, simamisha video kabla mpira haujaanzishwa. Anaangalia wapi? Je, anamwonyesha mwenzake kwa kidole mtu anayetaka kuja? Kisha iachie polepole utazame miguu. Aliye tayari humwendea mvamizi hatua mbili na kumpokea kifuani, mikono ikiwa mbele. Asiye tayari huinamisha kichwa na kujirusha, na mvamizi mzoefu humpita kama mtu anayeruka mfereji. Vyuo vingi haviwapi wakimbiaji kazi hii sana, kwa hiyo unaweza kutazama mechi tano usipate mifano kumi. Mazoezi ya Senior Bowl, mechi ya maonyesho ya wachezaji wanaomaliza chuo kule Mobile, Alabama, yatakusaidia hapo. Huko huwakutanisha mkimbiaji na mlinzi ana kwa ana, tena na tena. Mimi nayapa mazoezi hayo uzito kuliko mechi yenyewe.

Jambo la pili ni vikosi vya mateke, yaani wanaoingia uwanjani mpira unapopigwa teke kwenda kwa wapinzani. Kocha akiwa na nafasi moja iliyobaki kati ya 53 za kikosi, atampa anayeweza kukimbiza teke na kumwangusha mpokeaji. Raheem Mostert hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2015, pale timu zinapochagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Alipitia timu sita kabla San Francisco 49ers hawajamchukua 2016, na kwa muda mrefu kazi yake huko ilikuwa kukimbiza mateke na kukaba. Nafasi ya kubeba mpira ilipokuja, Januari 2020, aliwakimbia Green Bay Packers yadi 220 na kufunga tachidauni (mabao) nne katika mechi ya kuwania kuingia Super Bowl, fainali ya NFL. Tazama walivyompata: alidumu kikosini kwa kazi ambayo wengi wanaotafuta wakimbiaji hawaiangalii. Tena siku hizi kazi hiyo imepanda thamani. Kanuni za teke la kuanzisha zilibadilishwa 2024, na 2025 adhabu ya kuupiga mpira hadi ukanda wa mwisho, nyuma ya mstari wa goli la wapokeaji, ikaongezwa, wapokeaji wakaanzia yadi ya 35 ya upande wao, kwa hiyo mateke yanayorudishwa yamekuwa mengi. Kijana anayejua kukinga na pia kurudisha mateke anajaza nafasi mbili kwa mshahara mmoja.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Kikomo cha mishahara kwa kila timu msimu wa 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Kinaonekana kikubwa hadi uone kinavyoliwa. Philadelphia Eagles walimpa Saquon Barkley mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 37.75 mwaka 2024, naye akawalipa yadi 2,005 msimu uleule. Ukishamlipa wa kwanza hivyo, wa pili hubakiwa na kima cha chini. Mchezaji mpya kabisa mwaka 2025 alianzia dola 840,000. Mkongwe wa misimu minne hadi sita alianzia dola 1,170,000, lakini akisaini mwaka mmoja kwa kima hicho, kwenye hesabu ya kikomo anahesabiwa dola 1,030,000 tu. Ijue kanuni hiyo kwa moyo. Mara nyingi mkongwe anatupwa kwa sababu mtu hakujua kwamba bei yake kwenye vitabu inakaribia ya kijana mwenye misimu miwili kwenye ligi.

Waswahili tunasema akiba haiozi. Kwa wakimbiaji, inaoza, na inaoza haraka. Hesabu mara alizobeba mpira tangu chuoni, usihesabu miaka ya kuzaliwa peke yake. Mtu wa miaka 26 aliyebebeshwa mzigo mzito chuoni anaweza kuwa na miguu mizee kuliko wa miaka 29 aliyekaa benchi. Nawapenda hao wa benchi. Damien Williams hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2014, akakaa Miami miaka minne, zaidi kama mbadala. Kansas City Chiefs walimchukua 2018. Februari 2020, kwenye Super Bowl, alikimbia yadi 104 na kufunga mara mbili.

Kisha uliza kama mtindo wake unafanana na wenu. Hapa ndipo ninapomkumbuka C.J. Anderson kila mara. Desemba 2018 Todd Gurley wa Los Angeles Rams aliumia goti. Anderson alikuwa ameachwa na timu mbili msimu huohuo, na angeweza kupatikana kwa bei ya kutupa. Rams walimsaini, na katika mechi ya kwanza alikimbia yadi 167. Mechi iliyofuata, 132. Kwenye mchujo dhidi ya Dallas Cowboys, 123. Si muujiza. Rams walicheza mbio za pembeni, ambapo safu ya mbele nzima husogea upande mmoja, mkimbiaji akasubiri upenyo kisha akakata mara moja tu. Anderson alikuwa amezizoea mbio za namna hiyo kule Denver chini ya Gary Kubiak. Mtu huyohuyo ukimweka katika timu ya mtindo mwingine unampata wa kawaida, na ripoti yako itasema hafai.

Msimu mkubwa wa kununua ni mwisho wa Agosti, vikosi vinapopunguzwa kutoka watu 90 hadi 53. Zaidi ya wachezaji elfu moja huachwa kwa wakati mmoja. Mwenye misimu minne au zaidi yuko huru papo hapo. Aliye chini ya hapo, timu nyingine zina muda wa takriban siku moja kumdai, yaani kuomba kumchukua, na iliyofanya vibaya msimu uliopita ndiyo inayotangulia. Usiku ule hutakuwa na nafasi ya kuanza kutazama video. Majina yako yawe yamepangwa tangu Julai, na kila jina liwe na mstari mmoja wa kwa nini.

Mwaka wa pili nilipeleka jina la mtu wa miaka 27 ambaye wastani wake wa yadi haukumvutia mtu yeyote ofisini. Mstari wangu wa kwanza haukutaja mbio. Uliandikwa hivi: majaribio ya tatu 31, amekinga 29, mawili aliyokosa video zake nimeambatisha. Kocha alizifungua hizo mbili kwanza.